Motokaa Iliyokula Karanga

Nikiwaambia vijana kwamba motokaa ya Mdachi ilikuwa inakula karanga, wanacheka. Mmoja aliwahi kuniuliza ilikuwa na meno mangapi. Nawaacha wacheke kwanza, maana najua nikifika mwisho wataanza kutafuta njia ya kwenda kwao.

Mimi ni Ruthu, binti Matonya. Kwetu ni kwenye vilima vya nyuma ya Gulwe, upande wa Mpwapwa, mahali unapoiona reli imelala bondeni. Vita ya Wadachi, yaani Wajerumani, na Waingereza ilipoingia mwaka wa pili nilikuwa mwari aliyechumbiwa. Mchumba wangu aliitwa Petro, na ng'ombe wake wa mahari walishaingia zizini kwa baba. Kisha askari wakaja wakamchukua Petro awe mpagazi, na safari iliyofuata wakachukua ng'ombe kwa ajili ya nyama. Basi mimi sikuwa na mume na baba hakuwa na ng'ombe. Mvua nayo ikaona isibaki nyuma, ikakatika uwele ukiwa umefika magotini.

Waingereza walikuwa wameziba bahari. Meli za Wadachi zikawa haziji, na bila meli hakuna mafuta ya taa, hakuna ya motokaa, hakuna hata ya kulainishia magurudumu ya gari la moshi. Sisi tuliposikia tulisema shauri yao. Bahari yenyewe hatukuwahi kuiona, sasa ituhusu nini?

Ilituhusu. Akaja Gulwe Mdachi mmoja mwembamba, macho ya manjano kwa homa, akajenga banda la mabati karibu na stesheni na kulijaza mapipa. Tukamwita Bwana Pipa. Kazi yake ilikuwa kutoa mafuta kwenye mbegu. Karanga alizikamua, mafuta yake akayapika kwenye tangi lenye mabomba mpaka yakatoka maji makali ya kuumiza pua, yanayowaka ukiyaonyesha kiberiti tu. Hayo ndiyo aliyoinywesha motokaa. Nyonyo, yaani mbegu za mbarika, alizikamua kwa ajili ya matumbo ya motokaa, ili vyuma visilane. Sitamnyima haki yake, alikuwa fundi. Motokaa ilitembea. Nimeiona kwa macho yangu ikipanda kwenda Dodoma, nyuma inatoa moshi unaonuka karanga za kukaanga, na sisi tumesimama kando ya njia na njaa yetu tunaunusa.

Amri ilikuwa kila kaya ilete karanga na nyonyo. Aliyeitangaza ni Ombasha Athuman, askari Mrangi kutoka Kondoa, aliyekuwa mkalimani wa Bwana Pipa. Tukapeleka. Ikaja amri nyingine, tukapeleka za akiba. Ilipokuja tena ilikuta zimebaki za kupanda tu, zile ambazo mama alizitia kwenye kilindo cha magome na kukikalia kama kigoda. Askari walimnyanyua mama, wakamweka pembeni, wakachukua kilindo. Mama yangu Loisi alikuwa mwanamke wa heshima zake, aliyebatizwa misheni, si mtu wa kunyanyuliwa kama gunia. Jambo hilo linaniudhi mpaka leo, ingawa yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi.

Hata na hizo za kupanda, kipimo chetu hakikutimia. Kaya ambayo haikutimiza, walichukua mwanamume wake. Ndivyo baba alivyoondoka nyumbani, mikono imefungwa kwa kamba ya mkonge, anakohoa.

Tulikwenda kumtazama, mama na mimi, tumebeba mlenda na ugali kidogo. Wanaume walikuwa wanalala kwenye boma la miiba nyuma ya banda. Mchana walikuwa wanasukuma mhimili wa mashine ya kukamua, wanazunguka, wanazunguka, kwa sababu maksai wa kuisukuma walishaliwa. Baba alikuwa mtu wa kujipaka mafuta. Hata kwenda kuchunga alikuwa hatoki mkavu. Siku ile nilimkuta amepauka, viwiko vimepasuka, visigino vinatoa damu. Mtu anakamua mafuta kutwa nzima na ngozi yake inapasuka.

"Hata kidole huwezi kulamba," alituambia, anakula haraka haraka. "Ukilamba kidole ni viboko hamsa ishirini. Na ukikutwa mchanga kwenye kikapu cha mbegu, ni hamsa ishirini vilevile. Huyu bwana anaogopa mchanga kuliko anavyowaogopa Waingereza. Anasema unaila mashine."

"Watakuachia lini, baba Ruthu?" mama akamuuliza.

Baba akaendelea kutafuna. Aliyejibu ni Athuman, aliyekuwa amesimama karibu, bunduki mkononi. Athuman hakuwa mbaya kama wengine. Ukimwamkia alikuwa anaitikia.

"Mama, sikiliza," akasema kwa sauti ya chini. "Gari la moshi la askari linakuja. Likifika, wanaume wote walio bomani wanapakiwa kwenda kubeba mizigo huko mpakani kwenye vita. Mzee na kifua chake hiki hatarudi, mimi sikufichi. Lakini mashine imevunjika leo asubuhi, na Bwana anataka mafuta upesi, motokaa iende Dodoma. Mbegu hazitaki tena. Anataka mafuta ya nyonyo yenyewe, yaliyotengenezwa majumbani. Mwanamke atakayeleta kibuyu kimejaa, ataondoka na mume wake. Nimesikia kwa kinywa chake mwenyewe."

Njia nzima ya kurudi mama alikuwa ananitangulia. Nilijua anakwenda wapi na mawazo yake, na roho iliniuma.

Nyumbani kwetu kulikuwa na mafuta ya namna mbili. Kulikuwa na meupe, ya nyonyo tupu, kidogo, chini ya kibuyu, ya kulainisha ngozi za kulalia na kumpaka mtoto mwenye upele. Na kulikuwa na yangu. Kwetu mwari akichumbiwa, mama yake anamtengenezea mafuta ya harusi. Anakaanga nyonyo, anazitwanga, anazichemsha, anaengua mafuta yakiwa juu. Kisha anasaga ngeu, ule udongo mwekundu unaochimbwa mlimani, anausaga kwenye jiwe mpaka ulainike kuliko unga, anautia kwenye mafuta pamoja na mizizi ya kunukia. Anafunga kibuyu, anakiacha kikae. Asubuhi ya kwenda kwa mumewe bibi harusi anapakwa hayo toka utosini hadi ukuchani, anang'aa mwekundu, na watu wanajua huyu ametoka kwenye nyumba ya watu. Mama alikuwa amesaga ngeu yangu tangu kabla ya vita. Alikuwa hataki msaada. Alisema mkono wa mwingine utaikwaruza.

"Peleka yale meupe," nikamwambia.

"Hayajazi hata kikombe."

"Basi tukope kwa jirani, tuyachanganye."

"Jirani naye ana mume bomani, Ruthu." Akakitoa kibuyu changu kwenye kona, akakipangusa vumbi kwa kanga yake. "Na hata kama meupe yangejaa, nisingeyapeleka. Nimpelekee Bwana Mkubwa mafuta ya ngozi za kulalia? Atatuona watu gani? Mkono mtupu haulambwi, na mkono wenye takataka vilevile haulambwi. Naenda kumwomba mume wangu. Mtu akienda kuomba kitu kikubwa, anakwenda na kilicho kizuri."

Mimi nilikataa. Sikukataa kwa akili, msije mkanisifu. Nilikataa kwa uchungu wa mafuta yangu. Nilimwambia Petro atarudi na atanikuta mkavu kama kuni. Mama akaniambia Petro akirudi atanioa hata nikiwa na majivu, na asiponioa basi nimeepushwa. Halafu akanikalisha, akachovya kidole, akanipaka alama moja kwenye paji la uso, akaniambia hiyo ndiyo harusi yangu kwa sasa. Nililia nikakubali.

Kuhusu ule mchanga aliousema baba, wala haukutupitia akilini. Ngeu si mchanga. Mchanga ni uchafu wa chini, na ngeu ni pambo, ni dawa ya ngozi, mtoto mchanga unampaka na halii. Mwambie Mgogo yeyote wa wakati ule kwamba mafuta yenye ngeu ni mafuta machafu, atakuona umerogwa.

Tulipofika Gulwe Bwana Pipa alikuwa ndani kwake anatetemeka kwa homa, na Athuman ndiye anayepokea. Wanawake walikuwa wamejipanga na vibuyu vyao. Athuman alikuwa anamimina kila kimoja kwenye pipa kupitia kitambaa. Cha mama kilipofika kitambaa kikawa chekundu na mafuta yakapita nayo mekundu, kwa vile mama alikuwa amesaga kweli. Athuman akasimama kidogo. Akainua kitambaa, akakinusa.

"Dada yangu alipakwa haya alipoolewa," akasema. "Haya ni mafuta ya watu, mama."

"Nimeyatengeneza mwenyewe, mwanangu," mama akasema, na nilimwona anavyojisikia vizuri.

Athuman akayamimina yote pamoja na mengine. Kisha akaenda kuvuta miiba ya mlango wa boma, akamwita baba kwa jina lake, Mzee Matonya, akamwambia nenda nyumbani.

Tulirudi polepole, baba katikati yetu, tukipumzika kila palipo na kivuli. Siku zile alizokaa nyumbani alikuwa analala sana na kula kile kidogo tulichokuwa nacho, na jioni alikuwa anakaa juu ya paa la tembe, nyumba yetu ya udongo, akiangalia bondeni. Gari la moshi la askari likapita limejaa watu, tukalisikia, na baba hayumo. Mama alikuwa anatembea kwenye nyumba za jirani akisema, "Mafuta yangu ndiyo yaliyomtoa." Alilisema mpaka likachosha. Hata mimi hasira zilikuwa zimeniisha, nilikuwa nafurahi tu kusikia kikohozi chake ndani ya nyumba.

Motokaa ilikufa porini, ikiwa imeshapita Kikombo. Ndani yake alikuwemo mkubwa mmoja wa vita aliyekuwa na haraka ya kufika Dodoma, akaishia kutembea kwa miguu juani. Bwana Pipa alipelekwa huko na homa yake, akaifungua motokaa matumbo, akakuta vyuma vyote vimesagika na ndani mmejaa uji mwekundu. Kumbe ngeu ile ile inayoipa ngozi ya mwanamke mng'aro, chuma inakitafuna. Sisi tungejuaje? Kwetu hakuna mtu wa chuma.

Askari walikuja kutukusanya asubuhi, wanawake wote tuliopeleka mafuta, na wanaume waliokuwa wameachiwa. Walisema tu Bwana anaita. Tukasimamishwa mbele ya banda. Bwana Pipa alikuwa amekaa juu ya pipa, mikono imejaa grisi mpaka viwikoni, na kwenye goti lake ameweka kipande cha chuma chenye mikwaruzo. Alizungumza kwa utulivu. Athuman alipotafsiri alikuwa anaangalia miguu yake.

"Bwana anauliza mafuta mekundu yaliletwa na nani." Kisha akaongeza kwa haraka, "Vibuyu vilikuwa vingi. Kama hakuna anayejua, semeni hakuna anayejua."

Mimi nilikuwa naangalia kile chuma, sikuelewa ni nini. Nikamshika mama mkono. Akautoa. Alikuwa amevaa kanga yake nzuri, kwa sababu alikuwa ameitwa na mkubwa, na alikuwa anatabasamu.

"Ni yangu," akasema, akasogea mbele. "Mwambie Bwana ni ya Loisi, mke wa Matonya."

Athuman akafumba macho, kisha akatafsiri. Bwana Pipa akauliza jingine.

"Anauliza ule wekundu ni kitu gani."

"Ngeu," mama akasema. "Udongo wa mlimani. Mwambie si udongo wa njiani, nimeuchagua mwenyewe. Nimeusaga tangu kabla ya vita."

"Mama," Athuman akasema, "nikimwambia hivyo..."

"Mwambie. Kwa nini asijue? Mwambie na mwingine upo mlimani, akitaka naweza kumtengenezea."

Bwana Pipa alikuwa anajua Kiswahili cha kutosha kusikia udongo na kusikia kusaga. Hakungoja kutafsiriwa. Alisimama, akakiweka kile chuma chini taratibu, akasema maneno machache kwa Kidachi, na askari wawili wakaja kumshika mama. Tabasamu lilikuwa bado lipo usoni kwake, lilikuwa halijapata habari.

Baba alikuwa ameelewa. Yeye alikuwa ameizunguka ile mashine kutwa nzima na kuona watu wakichapwa kwa punje za mchanga. Akatoka kwenye mstari.

"Ombasha, mwambie bwana wako," akasema, na hakukohoa hata kidogo. "Mwanamke huyu anajua kupika tu. Mimi ndiye niliyemwagiza atie udongo. Nilikuwa bomani, nikaona nini kinaiua mashine, nikamwambia nenda ukatie."

"Baba Ruthu, mbona unasema uongo?" Mama alimgeukia kwa mshangao kabisa, kama mtu aliyenyang'anywa sifa yake. "Hukuniagiza wewe. Nimetia mwenyewe."

Hilo Athuman hakulitafsiri. Alitafsiri ya baba yote, polepole, neno kwa neno, na alipofika mwisho alikuwa amesimama wima kama wako kwenye gwaride. Ya mama aliyaacha yapite. Sijawahi kujua kama nimshukuru au nimlaani, kwa maana mikono iliyomimina ilikuwa yake, na kama angeyamwaga chini siku ile tusingefika hapo. Lakini na yeye angejuaje? Naye dada yake alipakwa.

Walimnyonga baba asubuhi ya pili kwenye mti ulio karibu na banda, tukalazimishwa kusimama tutazame. Walisema ni kosa la vita. Baba yangu alikuwa hajui Mwingereza anafananaje.

Walitukabidhi maiti mchana. Tulimbeba na jirani zetu mpaka nyumbani, tukamlaza ndani ya tembe. Njiani mwanamke mmoja alikuwa amemweleza mama, kwa ukali, kwamba ngeu ndiyo iliyoua motokaa na motokaa ndiyo iliyomuua Matonya. Alimweleza vizuri, kwa Kigogo, kusiwe na shaka. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa.

Sasa kwetu mtu hazikwi mkavu. Anaoshwa, anapakwa mafuta mwili mzima, ndipo anaviringishwa kwenye ngozi. Hata masikini anapakwa. Anayekwenda bila mafuta ni mbwa, au mtu aliyeliwa na kitu porini asionekane. Mama akaokota kigae, akatoka. Alikwenda nyumba ya kwanza akaomba tone. Hawana. Akaenda ya pili, akaenda mpaka ng'ambo ya korongo kwa watu wasiotupenda. Wote walifungua vibuyu, wakavipindua mbele yake aone. Kila nyumba ilikuwa imepeleka Gulwe. Katika vilima vile vyote, mahali ambapo mbarika inaota nyuma ya kila tembe bila kupandwa, hapakuwa na tone la mafuta la kumpaka mtu mmoja.

Alirudi jua limeinama, kigae kitupu mkononi. Wazee wakasema basi, tumzike tu, Mungu anaona. Mama hakuwasikiliza. Alikaa chini, akakiweka kigae pembeni yake, akachovya vidole ndani yake palipo patupu, akaanza kumpaka baba miguu. Alianzia kwenye visigino vile vilivyopasuka, akapanda kwenye goti, akarudi kigaeni, akachovya tena. Viganja vyake vilikuwa vikavu na ngozi ya baba ilikuwa kavu, unasikia vinavyokwaruzana. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Mwishowe nikapiga magoti karibu naye, nikamwambia mama, inatosha, amekwisha pakika, twende tukamzike.

Hakuinua kichwa. "Subiri, Ruthu," akaniambia. "Bado hayajaingia."